Springi za Magunia Kumi na Tano

Siku ile walikuwepo Luvanda mwenye pikapu, na Sekela mkewe, mwenye mimba iliyoingia mwezi wa tisa. Alikuwepo fundi Mponzi wa gereji ya njia panda. Alikuwepo Mama Tweve, mjane wa kule kilimani, na kuku wake mwekundu ndani ya kikapu. Na ilikuwepo kwaya, watu kumi na mmoja ukimhesabu mwalimu wao Mahenge, na ngoma mbili. Hao ndio wote. Kuku tumemtaja kwa sababu naye alipanda.

Washikeni hao kichwani, mama zangu na baba zangu, maana tutawahitaji mbele.

Luvanda alikuwa mchukuzi wa viazi. Viazi vya kilimani mnavijua, vizito, vimeshikamana na udongo mweusi, gunia moja linawatoa jasho wanaume wawili. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo alimwendea fundi Mponzi akamwambia, "Fundi, gari langu linakaa kitako." Na kweli lilikuwa linakaa. Ukipakia magunia kumi, nyuma inashuka mpaka bodi inasugua matairi, na taa za mbele zinamulika juu ya miti kama mtu anayetafuta ndege.

Fundi akamuuliza, "Unataka kubeba mangapi?"

"Kumi na tano."

Basi fundi akalala chini ya gari siku nzima. Akaongeza vyuma vya springi, vile vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka vikawa kitita. Kisha akafunga shokapu za kufanana navyo. Shokapu ndiyo inayoituliza springi, ili gari likishapita shimo lisiendelee kurukaruka. Tangu siku hiyo Luvanda akabeba magunia kumi na tano, na gari likatembea limenyooka kama bibi harusi anayeingia kanisani.

Sasa tumwangalie Sekela. Hii haikuwa mimba yake ya kwanza. Ile ya kwanza, miaka miwili nyuma, Luvanda alimteremsha mjini kwa gari hilo hilo, kilomita arobaini za barabara ya udongo. Mtoto alizaliwa, lakini hakulia. Wauguzi walisema sababu haikujulikana. Hakuna aliyemlaumu mtu. Lakini Luvanda moyoni mwake alikuwa amekwisha kuihukumu barabara, akalihukumu gari, akaihukumu na mikono yake mwenyewe iliyoshika usukani.

Kwa hiyo mara hii, muuguzi wa zahanati alipomwambia Sekela ateremke mapema, akasubirie siku zake kwenye nyumba ya akina mama pale hospitali, kisha akaongeza, "Na njiani asitikiswe sana," Luvanda alilibeba neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa yai. Usiku akaota gari lake linateremka kilima juu ya ukungu, matairi hayagusi chini, na Sekela amelala kitini anatabasamu. Alipoamka akakaa kitandani muda mrefu. Akasema, "Nitalifanya liwe hivyo."

Akaanza kazi. Kila jioni alichukua bakuli la uji, akalijaza maji, akaliweka kwenye kiti cha Sekela, kisha akaendesha gari taratibu kuuzunguka uwanja wa shule. Maji yakamwagika. Akafunga shokapu nyingine, laini zaidi. Gari likawa kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, kila shimo linaliruka mara tatu, na bakuli likaanguka chini kabisa. Akazirudisha zile za zamani. Akapunguza upepo wa matairi. Maji yakamwagika. Akafunika kiti kwa blanketi mbili. Maji yakamwagika, na blanketi zikalowa.

Sekela alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni, ameshika kiuno.

"Luvanda, mimi si maji."

"Ndiyo maana nahangaika," akajibu. "Maji yakimwagika nachota mengine."

Sekela aliziokota zile blanketi akazianika.

Ikafika asubuhi ya safari. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, mweupe, mzito, vinaonekana vilele vya miti tu, kama visiwa. Luvanda alimpandisha mkewe, akamfungia mlango kwa mikono miwili, pole pole, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nyuma ya gari hakuweka kitu. Hata jeki aliitoa. Hata tairi la akiba. Alitaka gari liwe jepesi kama unyoya.

Kwenye kona ya kwanza alisimama Mama Tweve na kikapu chake. Kila wiki alikuwa akiteremka na gari hilo.

"Kamwene, mwanangu," akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mama. Leo sibebi mtu. Nina mgonjwa."

Bibi akachungulia ndani, akamwona Sekela na blanketi zake. "Aa, nendeni, nendeni na Mungu. Nitapita njia ya mkato. Na huyu mwenzangu anapenda kutembea," akasema, akikipigapiga kikapu. Kuku akalalamika.

Kona ya pili ilisimama kwaya. Walikuwa wanakwenda mjini kuimba kwenye mkutano wa kwaya za wilaya, wamevaa sare, viatu vyeupe wamevishika mikononi visichafuke. Mwalimu Mahenge alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Leo sibebi mtu, mwalimu. Samahani sana."

"Hata ngoma?"

"Hata kijiti cha kupigia ngoma."

Ndugu mmoja wa sauti ya nne, mtu mnene kweli kweli, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya jamani, tushuke na miguu. Hili gari letu la asili halijawahi kuisha mafuta."

Hakuna aliyenuna. Walipoambiwa kuna mgonjwa, walisogea kando, na mmoja wao aliliondoa jiwe lililokuwa mbele ya tairi. Luvanda alimwona kwenye kioo, akilibeba jiwe lile mpaka mtaroni. Akatamani kusimama amshukuru. Hakusimama.

Sasa niambieni, ndugu zangu. Luvanda alikosea wapi? Ana mke mjamzito. Ameumia mara moja. Anataka nafasi, anataka utulivu, anataka gari jepesi. Nani kati yetu asingefanya vile?

Basi wakateremka. Barabara ilikuwa imejikunja mikunjo midogo midogo kama bati la paa. Luvanda aliendesha mwendo ambao hata bata angewapita. Lakini gari lilipiga. Kila mkunjo, nyuma iliruka ikatua, na mbele ikafuata. Mlango ulilia, kioo kililia. Sekela alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameuzungusha tumboni.

"Luvanda, pole pole."

"Hii ndiyo pole pole yenyewe."

"Basi pole pole ya hiyo."

Akapunguza tena. Likapiga tena. Walipofika daraja la kwanza, Sekela alikuwa amefumba macho, na midomo yake inakwenda, anasali. Luvanda akaitazama ile midomo, akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma, mahali hapo hapo, midomo hiyo ilikuwa inakwenda hivyo hivyo. Na mji bado kilomita thelathini na mbili.

Njia panda ndipo ilipo gereji ya fundi Mponzi, mabati manne na shimo la kukagulia magari. Luvanda akaingia pale, akazima injini, akatoka mbio.

"Fundi! Springi zimekufa. Zinamuua mke wangu. Toa!"

Fundi Mponzi alikuwa mtu asiyeharakishwa. Kwanza alikwenda dirishani kwa Sekela. "Kamwene, dada. Una maumivu, au ni kuchoka?" Sekela akasema ni kuchoka, na woga. Fundi akamletea kigoda ashuke akae, akamwekea na gunia mgongoni. Ndipo akaingia chini ya gari. Akagonga hapa, akashika pale. Akatoka. Akapanda juu ya bampa la nyuma akaruka kwa uzito wake wote, mara moja, mara mbili. Gari halikushuka hata upana wa kidole.

"Umesema zimekufa?" akauliza.

"Si unaona! Ni mawe."

"Luvanda, hizi ni nzima. Na shokapu ni nzima. Nilizifunga mwenyewe, na nilizifunga kwa magunia kumi na tano." Akafuta mikono. "Gunia la kwanza leo liko wapi?"

"Sikupakia kitu! Nimetoa hata tairi la akiba, gari liwe jepesi."

Fundi akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Ndugu yangu, springi inalainika ikiwa na kitu cha kubeba. Mzigo unaikunja kidogo, ikishakunjika ndipo inapata nafasi ya kupanda na kushuka. Sasa wewe umeipa mtu mmoja na nusu. Haijui hata kama kuna aliyepanda. Itafanya nini? Itasimama kama ukuta, na kila kijiwe kitapita moja kwa moja mpaka kwa mama huyu."

"Basi toa vyuma viwili."

"Naweza. Lakini bolti zimeshika kutu, zitakatika, na za saizi hii ziko mjini. Hiyo ni kazi mpaka kesho. Unayo kesho?"

Luvanda akamgeukia Sekela. Sekela akatikisa kichwa, hakutaka kulala njiani mbali na hospitali.

"Sasa nifanye nini?" Luvanda alikaa chini, palepale kwenye udongo wenye oili, mtu mzima na suruali yake ya safari.

Ndipo walipoisikia kwaya.

Walikuwa wanatoka kwenye ile njia ya mkato, ndani ya ukungu. Sauti ilitangulia, watu wakafuata. Kwanza sauti ya nne, chini kabisa, kama ardhi yenyewe inaimba. Kisha za juu. Kisha zikaonekana sare, miguu imejaa tope, viatu vyeupe mikononi. Na mbele yao wote Mama Tweve, kikapu kichwani, anatembea kama ndiye mwalimu wa kwaya.

Fundi Mponzi akawatazama. Akamtazama Luvanda. Akasema neno moja tu.

"Wapakie."

"Fundi, hawa? Watu kumi na mbili? Juu ya mgonjwa?"

"Hawa ndio dawa ya mgonjwa. Nikupe na mifuko miwili ya mchanga, kama bado unaona aibu kuomba?"

Ndugu zangu, hebu simameni hapo na Luvanda kidogo. Watu aliowapita asubuhi. Watu aliowaambia hata kijiti hakipandi. Sasa aende kwao aseme nini? Kwamba anawahitaji kwa uzito wao?

Alikwenda. Alikuwa anaangalia chini. Akasema, "Mwalimu, mama, nimewakosea asubuhi. Gari langu linampiga Sekela kwa sababu liko tupu. Naomba mpande."

Kisha yule ndugu mnene akakabidhi viatu vyake kwa mwenzake, akanyoosha mikono juu.

"Jamani, miaka yote mnanicheka! Leo unene wangu umeitwa kwa jina."

Wakacheka wote, hata Sekela akacheka, ameshika tumbo. Fundi akawapanga mwenyewe kama anavyopanga vyuma. Wazito juu ya matairi ya nyuma, wepesi mbele karibu na kibanda cha dereva, ngoma katikati, mchanga pembeni. "Kaeni chini, asisimame mtu. Na wewe Luvanda, uliyepunguza upepo wa matairi, njoo tuurudishe." Kila alipopanda mtu mmoja, gari lilishuka kidogo, likatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekaa baada ya kusimama siku nzima.

Mama Tweve hakupanda nyuma. Alijibana mbele pamoja na Sekela, kikapu miguuni, akavua kitenge chake cha mabegani akakikunja, akakipitisha nyuma ya kiuno cha Sekela. Akatoa chupa ya chai aliyobebea uji. Akamimina kikombe.

"Kunywa, mwanangu."

"Utamwagika, mama."

"Tutaona."

Wakaondoka. Mkunjo wa kwanza ukaja. Luvanda akakaza meno. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Mkunjo wa pili. Likashuka, likapanda, likatulia. Akasubiri kipigo, hakikuja. Gari lilikwenda kama mtu mzito anayejua njia ya kwao.

Nyuma wakaanza kuimba, pole pole, kwa midomo iliyofungwa, wasimsumbue mgonjwa. Barabara ikaingia bondeni, na bonde lote lilikuwa limejaa ukungu. Luvanda hakuona matairi yake wala barabara, ila weupe tu pande zote, na sauti zile zinatoka nyuma ya kisogo chake. Akageuza macho kidogo. Sekela alikuwa amelala. Kichwa kiko begani kwa Mama Tweve, mdomo umefunguka kidogo, kikombe bado mkononi. Na uji ulikuwa ndani ya kikombe.

Luvanda akakumbuka ile ndoto. Gari juu ya ukungu, Sekela amelala. Ila katika ndoto walikuwa wawili tu.

Akaendesha huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Sekela alijifungua Alhamisi ya wiki ile ile. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Alilia mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakauliza kuna nini. Kwaya haikupata ushindi mkutanoni, walichelewa zamu yao, lakini siku ya Alhamisi walikuja wakaimba nje ya dirisha la wodi, na muuguzi mkuu akawafukuza, kisha akawaita warudi wamalizie ubeti. Na kuku mwekundu, aliyekuwa auzwe sokoni ili bibi wa watu apate mafuta ya taa na chumvi, hakuuzwa. Akawa supu ya mzazi.

Sasa ndugu zangu, tuiache barabara ile, tujiangalie sisi.

Sisi tumeumizwa. Hapa hakuna asiye na shimo lake alilowahi kupita. Mmoja alizika, mwingine aliachwa, mwingine alisemwa vibaya na watu aliowalisha. Na tulipoumia, tulifanya kama Luvanda. Tulisema, sasa nijipunguzie. Nisibebe mtu. Nifunge mlango, nisiitwe kwenye msiba, nisiulizwe hali ya mtoto wa jirani, nipate kupumzika. Tukatoa hata tairi la akiba. Je, tumepumzika?

Tuseme kweli. Si ndio wakati kila kijiwe kimetupiga? Neno dogo la wifi linatukosesha usingizi. Salamu isiyoitikiwa inatuuma wiki nzima. Tunakwenda kwa Mungu tunalia, "Bwana, nibadilishie moyo huu, umekuwa mgumu, umekufa." Na Mungu, kama fundi yule, anaingia chini, anagonga, anashika, anatoka anatuambia, "Moyo ni mzima. Niliutengeneza mwenyewe, na niliutengeneza kwa magunia kumi na tano. Watu wako wako wapi?"

Mama uliyejifungua juzi, unayeona aibu mgeni aione nyumba isiyofagiwa, mfungulie. Yule anayebisha hodi na kuni kichwani hakuja kukuongezea kazi. Baba unayesema matatizo ya nyumbani kwako hayamhusu mtu, kuna mtu mtaani kwako anaimba sauti ya nne, na anasubiri uzito wake uitwe kwa jina. Na wewe uliyeachwa kando ya barabara asubuhi, ukaambiwa leo hakuna nafasi, usinune. Ondoa jiwe mbele ya tairi, shika njia ya mkato, imba. Huenda njia panda mtakutana, na siku hiyo wewe ndiye utakayekuwa dawa.

Tusiogope kujaa. Sisi tuliumbwa kubeba, na kubebana.

Springi za gari lile hazikubadilishwa. Wiki mbili baadaye Luvanda aliteremka mjini kumchukua Sekela na mtoto. Kabla ya kugeuza gari kuelekea kilimani, alipita stendi, akasimama, akauliza nani anapanda. Walipanda watu tisa.